Nilivyouelewa umeme wa moyo kwa kuifuata kalsiamu

Nilipoanza kusoma fiziolojia, umeme wa moyo na kusinyaa kwa misuli yake vilikuwa katika sura mbili tofauti, nami niliweza kueleza kila kimoja bila kujua jinsi cha kwanza kinavyokizaa cha pili. Kilichonisaidia ni kuchora michoro miwili kwenye karatasi moja, mmoja juu ya mwenzake, kwa mstari mmoja wa muda: juu niliweka volteji ya seli ya ventrikali (chumba cha chini cha moyo kinachosukuma damu), chini nguvu ya kusinyaa kwake.

Mchoro wa juu huanzia karibu na milivolti -90. Sodiamu inapoingia kwa kasi, volteji hupanda kupita sifuri, kisha, badala ya kushuka papo hapo kama ilivyo kwenye neva, hubaki juu kwa milisekunde 200 hivi au zaidi, hadi potasiamu inayotoka iishushe. Hapo kwenye uwanda, yaani kipindi volteji inapobaki juu, ndipo nilipokaa zaidi. Unadumishwa na kalsiamu inayoingia kutoka nje, ambayo, ingawa ni kidogo mno kuisinyaza seli ipasavyo, hufungua ghala kubwa la kalsiamu lililomo ndani. Kalsiamu hiyo hunata kwenye protini iitwayo troponini, protini nyingine, tropomayosini, husogea, na vichwa vya nyuzi za mayosini hupata pa kuzishika nyuzi za aktini na kuzivuta. Ndipo mchoro wa chini unapopanda, ukiwa umechelewa kidogo.

Michoro hiyo ilinijibu pia swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Kwa kuwa volteji hukaa juu karibu muda wote wa kusinyaa, seli haiwezi kusisimuliwa upya kabla haijaanza kulegea, na hivyo moyo haukazi mfululizo kama msuli wa mkono.

Baadaye nilisoma kuhusu daktari Mwingereza Sydney Ringer, aliyeonyesha jijini London mwaka 1883 kwamba moyo wa chura uliendelea kupiga katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, lakini ukafifia yalipotumika maji yaliyokenekwa, kwa kuwa hayakuwa na kalsiamu. Nadhani jaribio hilo lingefaa kutangulia majina yote ya milango ya ioni, yaani njia za kupitishia chembe zenye chaji kama sodiamu na kalsiamu.

Seli za kifundo cha sainasi, zinazoanzisha kila pigo la moyo, zilihitaji mchoro wao. Hazina volteji tulivu: sodiamu hupenya polepole hadi kizingiti, yaani volteji inayoanzisha pigo, kifikiwe, na mpando unaofuata huletwa hasa na kalsiamu. Upande wa kulegea niliumalizia kwa mshale mmoja wa kalsiamu ikirudishwa ghalani na pampu inayotumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli.