Gongo la Tim

“Tim ameenda wapi bila gongo lake?”

Niliulizwa juzi usiku na binti, kitabu kikiwa wazi ukurasa wa 24, kidole chake kimelibana gongo lenyewe, ile fimbo ya kutembelea, kana kwamba litakimbia. Sikujibu. Nilikuwa nimerudi kwenye jioni ile ya nakala ya majaribio, tuliyoibana wenyewe kabla kitabu hakijachapwa, jioni ambayo gongo hilohilo halikuonekana na swali likaja kinyume.

Hadithi mnaijua, A Christmas Carol: Scrooge, bahili wa London, mzimu wa mwenzake Marley, Roho watatu wa Krismasi, na Tim, mtoto mlemavu wa Bob Cratchit, karani wa Scrooge. Charles Dickens aliitoa tarehe 19 Desemba 1843, maneno kama elfu 28. Sisi, mimi na mchoraji, tulikuwa tunaifupisha iwe kitabu cha picha cha watoto kwa Kiswahili, na tulikuwa na kurasa 32. Vitabu vya picha huishia hapo kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mbili zikatoa 32. Ukiongeza kurasa mbili tu unaharibu hesabu yote ya mchapaji. Ondoa jina la kitabu, haki za uchapaji na tabaruku, zinabaki kurasa pacha 14, yaani zinazotazamana, na moja ya kufungia. Tukajipa maneno 600. Kila pacha maneno 40 na kitu.

Kukata si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Mchumba wa Scrooge aliondoka siku ya kwanza na hakuna aliyemlilia. Wale watoto wawili waliokonda chini ya joho la Roho wa pili, Ujinga na Uhitaji, waliondoka pia, na hilo bado linaniuma. Marley alibaki na mnyororo wake mzima, visanduku vya fedha, funguo, makufuli na madaftari ya hesabu, maana watoto hupenda kuhesabu vitu vilivyofungwa kwenye kitu.

Ugumu ulikuwa kwenye maneno yanayoonekana mepesi. Bob Cratchit analipwa shilingi 15 kwa juma. Ni shilingi za Uingereza za wakati ule, 20 kwa pauni moja, lakini mtoto wa Kiswahili akisikia shilingi 15 anadhani Bob ametumwa peremende. Tukaitoa hesabu, mchoraji akachora moto wa Bob kama Dickens alivyousema: mdogo hadi ukadhani ni kipande kimoja cha makaa, na sanduku la makaa liko chumbani kwa Scrooge. Picha ikishasema, maandishi yanyamaze. Mimi nilikuwa nimeandika pia kwamba Scrooge ana mkono wa birika, nikajisifu. Mtoto wa kwanza kusomewa alitafuta birika kwenye picha mpaka akakasirika. Na ule mguno maarufu wa Scrooge tulioutafsiri “Upuuzi!” haukuwa na ladha mdomoni; tulipoubadili kuwa “Mfyuuu!” nyumba nzima ilisonya wiki nzima.

Sasa jioni ile.

Nakala ya majaribio hutengenezwa kwa karatasi 8 za A4, zikunjwe katikati na kupachikwa moja ndani ya nyingine. Zinatoka kurasa 32. Kinachofuata ndicho kilichotuponza: mdomo wa stepla ya kawaida haufiki kwenye mkunjo. Dawa yake ni kuifungua stepla yote, kulaza kitabu juu ya boksi nene, kugonga pini kwenye mkunjo kwa nje, kisha kuzikunja kwa ndani kwa kijiko. Au utoboe matundu matatu ushone kwa uzi. Tulikuwa tumechoka. Tukabana ubavuni, karibu na mgongo, pini tatu, tukaita wasikilizaji.

Pini za ubavuni hula karatasi. Kitabu hakilali wazi. Kila upande unapoteza kama sentimita moja ndani ya bonde la katikati. Wachoraji wanajua sheria hiyo: uso, mkono, neno, chochote chenye maana kisikae bondeni. Mchoraji wetu aliijua. Lakini kwenye pacha ya 11, ambapo Roho wa tatu asiyesema neno anamwonyesha Scrooge Krismasi isiyo na Tim, alikuwa amechora kigoda kitupu pembeni mwa moto, ukurasa wa 25, na gongo limeegemea ukingoni kabisa mwa ukurasa wa 24. Kigoda kilionekana. Gongo lilimezwa.

Tulikuwa tumegombana siku tatu kuhusu ukurasa huo. Kifo kisemwe au kisisemwe? Tulikubaliana gongo liseme. Maneno yalikuwa mawili tu: “Tim hayupo.”

Nikasoma. Nikanyamaza, kama mtu anayesoma kwa sauti anavyopaswa kufanya kabla ya kugeuza. Mchoraji aliinamisha kichwa. Mtoto wake, miaka mitano, alikitazama kigoda. Akarudisha kurasa mwenyewe hadi pale Tim anapobebwa begani na baba yake, gongo mkononi. Akaja tena mbele. Akatazama kushoto, kulia, chini ya meza ya akina Cratchit.

“Gongo halipo,” akasema. “Mjomba, ameenda kucheza.”

Akageuza ukurasa bila haraka, kama mtu aliyemaliza shauri.

Mchoraji alinitazama, nami nikatazama pini. Kesho yake alilisogeza gongo sentimita tatu kushoto, palepale binti alipoweka kidole juzi. Sina hakika tulirekebisha kosa. Dickens mwenyewe, baada ya kumwonyesha Scrooge gongo lisilo na mwenyewe, aliona haja ya kuandika mwishoni kwamba Tim HAKUFA, kwa herufi kubwa, na maneno hayo hayamo kwenye mswada wa mkono wake, yaliingia baadaye. Kwa hiyo labda hata yeye kuna mtu alimuuliza.

Nilimtolea binti ile nakala ya zamani. Pini zimeshika kutu. Akafika kwenye kigoda, akatafuta, akapitisha kucha katikati ya kurasa na kuchungulia bondeni kwa jicho moja.

“Limo humu,” akasema. “Limejificha.”