Alamisho kwanza, kalamu baadae: vitu vya bei rahisi vya kutangazia kitabu chako

Kitabu changu cha kwanza kilipotoka nilikua na hamu dunia nzima ijue, nikakimbilia kutengeneza kalamu 200 zenye jina la kitabu. Siku nazipokea nilifurahi mno! Sasa kalamu ni nyembamba na jina la kitabu changu ni refu, kwahiyo herufi zikabanwa mpaka usogeze kalamu machoni ndo usome, na baada ya wiki kadhaa za kushikwashikwa maandishi yakafutika kabisa. Watu walizipokea, wakashukuru, wakaziandikia, ila sidhani kama kuna hata mmoja anayekumbuka zilikua za kitabu gani. Pesa ile iliniuma kwasababu ningeweza kuongezea nakala.

Kwahiyo siku hizi mwandishi mwenzangu akiniuliza aanze na nini namwambia alamisho, ile karatasi ngumu ya kuweka pale ulipoishia kusoma. Inamfikia mtu anayesoma, na hapo ndo penyewe, kwasababu anaiweka hata ndani ya kitabu cha mwandishi mwingine na kila akifungua anakutana na jina la kitabu chako, mwezi mzima, miezi miwili, na hujamlipa mtu chochote.

Halafu ni rahisi kwelikweli ukipiga hesabu ya karatasi vizuri. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, ukifanya alamisho ya 5 kwa 14 zinaingia nane, nne juu nne chini, ila acha kingo ziwe nyeupe ili fundi asihitaji nafasi ya ziada katikati ya kukatia. Ukiongeza urefu sentimita moja tu, ile safu ya pili haiingii tena. Chagua karatasi ya gramu 300 hivi (ndo uzito wake kwa mita moja ya mraba), chini ya 200 inajikunja haraka. Na kama jalada la kitabu bado halijachapwa, muulize mchapaji kama kwenye ile karatasi kubwa anayochapia majalada kuna sehemu inabaki tupu, maana mara nyingi ipo na huwa inakatwa inatupwa, mwambie akupangie alamisho hapohapo.

Lamineti, ule utando mwembamba wa plastiki, weka upande wa mbele tu. Hili watu wengi wanalisahau wanalamineti kote, halafu wakitaka kusaini wino unateleza na kuchafuka. Nyuma pakibaki karatasi isiyo na lamineti unaweza kumsainia hata yule ambaye leo hana hela ya kitabu, na yule ataitunza, nimeona mwenyewe mtu anarudi kununua akiwa nayo mkononi.

Mbele uweke nini? Naomba sana usiweke sura yako. Weka sentensi moja kutoka ndani ya kitabu, ile ambayo mtu akiisoma anataka kujua kilichofuata. Mimi nilitumia siku tatu kutafuta hiyo sentensi na sijutii. Nyuma jina la kitabu, jina lako, kinapatikana wapi, na kile kiboksi cha QR cha kuskani na simu, basi.

Hapo kwenye QR kuwa makini kidogo. Ile ya kawaida ikishachapwa haibadiliki, kwahiyo ukiielekeza kwenye duka fulani na duka likaondoa kitabu, alamisho zako zote zimekufa, bora uielekeze kwenye ukurasa wako mwenyewe ambao unaweza kuubadilisha muda wowote. Isiwe chini ya sentimita 2, iachie nafasi nyeupe kuizunguka, na wakati wa kuitengeneza ukiona sehemu ya kuchagua kiwango cha kusahihisha makosa chagua H, hicho kinasomeka hata karibu asilimia 30 ikiwa imechubuka. Chapa moja kwanza, skani na simu mbili tatu tofauti, mpe mtu mwingine asome maandishi yote, ndo uruhusu kazi iendelee.

Baada ya alamisho ningeweka stika, ndogo, zenye mchoro wa kwenye jalada tu bila maneno mengi, vijana wanabandika kwenye laptopu na chupa za maji. Tisheti na mifuko ya kitambaa ni vizuri lakini sio vya kugawa bure, tengeneza chache za zawadi kwa wasomaji wanaokuletea wasomaji wengine. Vikombe mimi siwezi kumshauri mtu, vinavunjika njiani na ni vizito kubeba.

Kugawa nako usimwage tu mezani. Kila kitabu ninachouza naweka alamisho mbili ndani, namwambia mnunuzi moja yako na nyingine mpe yule ambaye utamsimulia hii hadithi. Zingine naomba ruhusa naacha maktaba pale kwenye meza ya kuazimia, na wahudumu wa maktaba huwa wanazipokea vizuri sana kwasababu zinawapunguzia watu wa kukunja kona za kurasa.