Kutoka Tabata hadi Mpwapwa, kutafuta pa kuishi

Mkataba wetu wa nyumba ya kupanga Tabata ulipokaribia kwisha, mwenye nyumba alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, nami nikamwambia mama kwamba kabla ya kutoa fedha zote hizo ni bora twende kwanza tukaone wanakoishi wengine. Mimi ni fundi cherehani na nashona sare za shule, kazi inayofanyika popote palipo na shule na umeme. Mama ana shinikizo la damu, kwa hiyo hospitali haiwezi kuwa mbali. Foleni za Dar es Salaam nilikwishazizoea, hata katika mkoa uliohesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, lakini maji yalinishinda. Mwishoni mwa mwaka huo Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame na mgao ukatangazwa, niliamka saa nane usiku wiki baada ya wiki ili nikinge madumu kabla bomba halijakauka, kisha asubuhi nikakaa kwenye cherehani macho yakiniuma. Tangu hapo, kila mtu aliyenisifia mji wake nilimwuliza jambo moja tu: maji yanatoka lini?

Tulisafiri mwezi Septemba, na mwezi huo niliuchagua makusudi, kwa sababu mvua ikinyesha kila mji hupendeza, ilhali kiangazi kikikolea ndipo mtu huuona mji ulivyo. Treni ya mwendokasi ilitufikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili. Mama alikaa dirishani, na Milima ya Uluguru ilipojitokeza nikamweleza kwamba Mto Ruvu tunaoutegemea Dar es Salaam hupata maji yake mengi huko juu, kwenye misitu ile iliyofunikwa na mawingu. Akaniambia, "Basi, mwanangu, tukae hapa hapa kwenye chanzo." Nami nilikuwa na tumaini hilo. Lakini Kihonda, tulikooneshwa nyumba nzuri ya vyumba vitatu, nilikuta koki ya uani imefungwa kipande cha mpira wa baiskeli ili isivuje, na chini yake ndoo iliyokaa hadi ikaacha alama ya duara kwenye saruji. Mama mwenye nyumba hakunificha. Alisema maji hutoka mara mbili kwa wiki, na kwamba asiye na simtanki atapata taabu. Manispaa hiyo ilikuwa na watu 315,866 mwaka 2012 na ikafikia 471,409 mwaka 2022, na sehemu kubwa ya mji inategemea Bwawa la Mindu. Kuishi karibu na mlima si sawa na kuwa na bomba linalotoa maji.

Dodoma nilikwenda na heshima zangu zote. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa mwaka 1973, lakini ni baada ya 2016, watumishi wa serikali walipoanza kuhamia kwa wingi, ndipo mji ulipofumuka: watu 410,956 mwaka 2012, kisha 765,179 miaka kumi baadaye. Nzuguni na Iyumbu tulikuta viwanja vilivyopimwa na barabara pana ambazo Tabata hatujawahi kuziota, na naamini kwa dhati kwamba kijana mwenye ajira ya serikali hana sababu ya kusita. Kwangu mimi hesabu haikukubali. Dalali alinitajia kodi inayolingana na ya Dar es Salaam, mvua ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, na mji wote huo unaokua unategemea zaidi visima vya Mzakwe.

Kesho yake tulipanda basi la kwenda Mpwapwa, ambako dada mmoja niliyejifunza naye ushonaji ameolewa. Basi liliiacha barabara kuu kwenye njia panda ya Mbande, likapita Kongwa, mahali ambapo Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947 na kuuacha baada ya miaka michache, ardhi ikiwa ngumu na mvua zikiwa haba. Nilipoiona ile nchi tambarare na kavu, moyo ulinishuka. Kisha vilima vikasogea, miti ikaongezeka, na tukaingia Mpwapwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikuwa ikipumzika hapa kwa sababu ya vijito vinavyoshuka milimani, wapagazi wakinywa na kujaza vibuyu kabla ya kulivuka pori la Marenga Mkali, ambalo jina lake ni maji makali. Wale watu walibeba mizigo kichwani, na hawakuweza kukosea mahali pa kutua.

Kwenye nyumba tuliyopelekwa, bibi mmoja alitupokea kwa "Mbukwenyi!" akatukalisha chini ya mwembe. Nilimwuliza swali langu. Badala ya kunijibu aliinuka, akafungua koki, na maji yakatoka kwa nguvu, saa tatu asubuhi, mwezi Septemba. Alisema hutoka kila siku hadi saa nne, na kwamba anayelala sana ndiye hukosa. Mama alinawa uso, akanawa mikono hadi viwikoni, akabaki ameinama hapo kwa muda. Baadaye tulitembea kwa miguu hadi hospitali ya wilaya, akapimwa shinikizo na kuambiwa kwamba dawa zake zipo. Nilipita pia shule mbili, nikagusa kitambaa cha sketi ya binti mmoja kwa ruhusa ya mwalimu wake, na nikaona mishono ya pembeni ilivyoachia.

Dodoma iko zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, na ugonjwa mkubwa ukimpata mama itatubidi tusafiri. Hilo nililipima usiku kucha, na mama akalijibu kabla sijamwuliza: alisema yuko tayari kusafiri mara moja kwa mwaka, kuliko kuniona naamka saa nane usiku kila wiki.

Tulilipa kodi ya miezi sita na kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Cherehani ilikuja kwa basi wiki mbili baadaye, imefungwa kwa kanga mbili za mama, na sindano ilikuwa bado imo.