Kibao cha chapati nimekigawa

Kibao changu cha kusukumia chapati nilikuja nacho Leicester kutoka Tanga, kimeviringishwa ndani ya khanga. Mzigo ulikuwa wa kuhesabu kilo, mama akaamua viatu vibaki, kibao kiende. Mwaka juzi nilimpa jirani yangu Mpunjabi, pamoja na msukumio wake. Alidhani nimerukwa na akili. Akili ilikuwa salama, kilichokuwa kinaumwa ni utumbo.

Kwa miaka minne nilikuwa mchovu. Nafanya kazi ya kulea wazee, zamu za usiku, na kwenye kazi hii hakuna anayeshangaa ukisema umechoka. Tumbo lilijaa gesi, nywele zikanyonyoka, midomo ikapasuka pembeni. Nyumbani wakasema ni baridi ya huko. Shoga zangu wa hapa wakasema kuna mtu amenitupia jicho. Mimi nikasema ni uzee, na nilikuwa na miaka 37. Mara tatu nilipewa vidonge vya madini ya chuma, damu ikipanda kidogo inashuka tena. Mara ya nne nikaangukia kwa daktari mwingine, kijana tu, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Hicho chuma unachomeza, una hakika kinaingia mwilini?"

Kumbe hakikuwa kinaingia. Nina siliaki. Mwenye siliaki akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga yake inaugeukia utumbo wake mwenyewe. Vile vidole vidogo sana vya ndani ya utumbo mwembamba, vinavyofyonza chakula, vinalala kama nyasi zilizokanyagwa, na chakula kinapita hivi hivi. Si aleji, wala si ule mtindo wa kukataa mkate ili nguo ikae vizuri. Hapa Uingereza inakadiriwa mtu 1 kati ya 100 anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajijui. Sisi tunauona ni ugonjwa wa Wazungu. Sitashangaa kama baadhi ya madaktari nao wanauona hivyo, ndiyo maana nilizungushwa muda wote ule.

Kama unajishuku, usiache ngano kabla ya kupimwa. Nimeanza na hili kwa sababu ndilo nililotaka kulikosea. Shoga yangu mmoja aliniambia, "Acha mkate wiki mbili, ukipata nafuu utajua." Lakini kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitoa ukiwa unakula gluteni. Ukiacha zinapungua, majibu yanakuja safi, na wewe unarudi nyumbani na ugonjwa wako. Mwongozo wa hapa ni ule vyakula vyenye gluteni kwa zaidi ya mlo mmoja kila siku, angalau wiki sita kabla ya kipimo. Kwa hiyo nilikula chapati wiki sita huku nikijua zinaniua. Zilikuwa tamu ajabu. Baada ya damu nikamezeshwa mpira wenye kamera, wakakata vipande vidogo vya utumbo kupima. Hauumi sana, ila unachukiza. Na ukithibitishwa, waambie wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wako nao wapime, maana jambo hili linatembea kwenye ukoo.

Mtaalamu wa lishe alinipa kitabu kizima cha vyakula vya kula. Kurasa zote zilikuwa tambi, biskuti na mikate ya kubuni. Nikamuuliza, "Ugali je?" Hakujua ugali ni nini. Tukaandika orodha upya pamoja, mimi nataja, yeye anasema ndiyo au hapana. Ugali wa mahindi, ndiyo. Muhogo, viazi vitamu, ndizi za kupika, wali, maharage, kunde, samaki, mchicha, nazi: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Uji wa ulezi, ndiyo, na una kalsiamu kuliko nafaka nyingi, jambo linalotuhusu sana kwa sababu siliaki inakula mifupa kimyakimya. Vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele, ndiyo, mradi aliyepika hakuongeza unga wa ngano kidogo "ushike". Tukafika kwenye chapati, maandazi, sambusa na mkate wa mayai. Hapo alinitazama kwa huruma.

Nilitoka pale na hasira kidogo. Nilipokuwa Tanga ngano ilikuwa chakula cha asubuhi na cha wageni. Ni huku ndiko nilikoifanya ya kutwa nzima: mkate kazini, tambi usiku, biskuti na chai katikati, kwa sababu ni rahisi na zamu haisubiri ugali.

Tuje kwenye lebo. Sheria ya hapa inataja vyakula 14 vinavyoweza kudhuru watu, na kila kimojawapo kikiwemo lazima kijitokeze kwenye orodha ya viambato, kwa kawaida kwa herufi nzito. Kosa la wengi ni kutafuta neno gluteni. Mara nyingi halipo. Tafuta jina la nafaka yenyewe: "wheat" ni ngano, "barley" ni shayiri, "rye" ni rai. "Oats" kwa asili haina shida kwa wengi wetu, lakini husagwa na kusafirishwa pamoja na ngano, kwa hiyo nunua ile iliyoandikwa haina gluteni tu. Maandishi hayo yana kipimo chake kisheria: gluteni isizidi miligramu 20 kwa kilo. Kuandikwa "haina ngano" si sawa na "haina gluteni", maana shayiri inaweza kuwa imejificha humo. Kimea cha shayiri kimenidhalilisha mara nyingi. Kimo kwenye vipande vya mahindi vya kifungua kinywa, vitu ambavyo ungeapa ni mahindi matupu, kimo kwenye vinywaji vya chokoleti vya kulalia, na kwenye bia kwa wanaokunywa. Sosi ya soya hutengenezwa kwa ngano. Soseji hujazwa makombo ya mkate. Vidonge vya supu vinatofautiana, soma kila mara, hata ulivyovizoea, kwa sababu kampuni hubadilisha mapishi bila kukupigia simu.

Ila kilichonishinda kukigundua kilikuwa mvuje, kile kiungo ninachotia kwenye dengu. Nilikuwa nimeshasafisha kabati lote, napika dengu kila Jumapili, na kila Jumatatu tumbo linaunguruma. Dengu zenyewe nazinunua maduka ya Wahindi ya Belgrave Road, ambako napata pia unga wa mtama, uwele na ulezi. Nikasoma pakiti ya dengu, safi. Binzari, safi. Siku moja nimekaa chini jikoni na vikopo vyote vya viungo nimevizunguka kama mganga na tunguri zake, nikageuza kikopo cha mvuje. Ngano, ya kwanza kabisa kwenye orodha. Mvuje wa unga huwa mkali mno peke yake, kwa hiyo wengi huuchanganya na unga wa ngano. Kijiko cha chai kimoja kwenye sufuria nzima, na mimi nilikuwa nalaumu dengu.

Jikoni kumbuka gluteni si mdudu. Moto hauiui. Chipsi zilizokaangwa kwenye mafuta ya samaki wa kuchovywa unga, zimeshachafuka. Mwiko wa mbao wenye nyufa, chujio la tambi, tosta, na kile kibao changu chenye mikwaruzo ya miaka yote, vyote vinashika unga. Sufuria ya chuma ukiisugua vizuri kwa maji na sabuni inatosha, huna haja ya kutupa kila kitu kama nilivyotaka.

Wagumu zaidi ni watu. Kwenye shughuli zetu, ukikataa chakula cha mtu umemkataa mwenyewe. "Dada, onja kidogo tu, kidogo hakiui." Kidogo kinatosha kuanzisha vita upya tumboni, hata usipoumwa siku hiyo. Nilianza kwa kueleza kinga, utumbo, kamera, watu wakachoka. Sasa nasema, "Nimekatazwa hospitali," basi. Neno hospitali lina heshima kwetu kuliko maelezo yoyote. Na nakwenda na kontena langu la wali, napakua mwanzo kabla vijiko havijachanganywa.

Sasa mwili. Hakuna aliyeniambia nitanenepa. Utumbo ulipopona ukaanza kufyonza kila kitu kwa uchu, na mimi nilikuwa nafidia huzuni yangu kwa keki na biskuti zisizo na gluteni. Nyingi zina sukari na mafuta ya kutosha, nyuzinyuzi haba, na mkate wake ni mdogo kama sabuni ya kufulia halafu ghali. Kilo tisa ndani ya miezi minane. Nilipotaka kukimbia nikaambiwa nisubiri kwanza chuma kiongezeke mwilini, maana moyo wenye damu pungufu unahema mapema. Nikajifunza kukamulia limau kwenye maharage na mchicha, na kuisogeza chai saa nzima mbali na chakula kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa. Kwa mtu wa Tanga, kula bila chai pembeni ni adhabu inayojitegemea.

Kisha nikaanza Couch to 5K, programu ya bure ya NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, kwa wanaoanza kukimbia: wiki tisa, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza unakimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, unarudia. Sekunde 60 nilizidharau mpaka ya tatu. Mimi ilinichukua wiki 17, na zamu za usiku ziliniruhusu siku mbili tu. Asubuhi ya kukimbia nakula kiazi kitamu cha jana au uji mwepesi wa ulezi. Vile vipande vya nafaka vya wanamichezo nimeviacha, vingi vina kimea. Jumamosi saa tatu asubuhi naenda parkrun, kilomita tano, bure. Kule kuna mtu wa kujitolea anayetembea nyuma ya wote, kwa hiyo kushika mkia ni kazi yake, si yangu. Na vitamini D nameza mwaka mzima, maana ngozi zetu na jua la hapa hawajawahi kuelewana.

Mama bado haamini. Mwezi uliopita amenitumia bonge la mvuje kwa mkono wa msafiri, limefungwa kwenye kipande cha khanga, nijifukize tumbo litulie. Nikampigia. "Mama, shukrani. Umechanganywa na nini huu?"

"Umechanganywa na dua, mwanangu."

Nimeutia kwenye chupa yake peke yake, juu kabisa ya kabati, mbali na dengu.