Bunduki ya upepo nyepesi kwa shabaha ya mita 10

Kwa kulenga karatasi mita 10, nguvu nyingi ni hasara. Chukua ya springi, ya kukunja mtutu ili kuikaza springi, kilo 2.5 hadi 3, kipenyo cha risasi milimita 4.5. Kasi ya mita 150 hadi 180 kwa sekunde inatosha kabisa. Zenye kasi kubwa ni ngumu kukunja, mkono unachoka mapema na shabaha inaharibika. Kabla ya kulipa, pita polisi uulize taratibu za umiliki.

Dukani ikunje mwenyewe. Mtutu ukisharudi mahali pake, utikise kushoto na kulia. Mtutu ukilegea, achana na bunduki hiyo. Usikubali muuzaji aifyatue tupu: bila risasi, pistoni haipati hewa ya kuizuia, inagonga mbele na kuharibu springi au sili (kizuizi cha hewa isivuje).

Risasi ziwe za kichwa bapa, zinatoboa karatasi tundu safi. Gololi za chuma ziache kabisa, zinakwaruza mtutu kwa ndani na zinadunda vibaya. Mwanza mawe yapo karibu kila uwanja, kwa hiyo tafadhali: usilenge upande wa jabali wala wa ziwa, maana hata maji yanarusha risasi. Weka sanduku la mchanga nyuma ya karatasi, vaa miwani.

Unyevu wa ziwa unaleta kutu haraka. Futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, ila yasiingie chemba ya hewa. Yatawaka kwa mgandamizo na kuunguza sili. Wakati wa kufyatua usiikabe bunduki. Ilaze kiganjani, irudi nyuma yenyewe.