Kuku wa nyuma ya kioo

Chumba nilichopanga West Philadelphia, Marekani, kilitangazwa dola 62 kwa usiku. Nilipomaliza kulipa kilikuwa kimefika 97: ada ya usafi, ada ya huduma, kodi ya mji. Usafi wenyewe nikaufanya mimi, maana mwenye nyumba alibandika karatasi mlangoni: toa taka, osha vyombo, vua mashuka. Ilikuwa Oktoba 2022, baridi imeanza kuuma, na hita inagonga usiku kucha kama mafundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam. Kilichonipeleka kilikuwa mkutano wa bima wa siku nne. Siuandiki, hauna cha kuandika.

Siku ya tano nikawa huru, nikaenda kuuona ukumbi. Independence Hall tiketi yake ilikuwa dola moja tu, kitu pekee cha bei nafuu nilichokikuta mji mzima, ila unavuliwa mkanda kama uwanja wa ndege. Chumba ni kidogo kuliko nilivyodhani. Meza zenye vitambaa vya kijani, viti vya mbao, mishumaa. Humo mwaka 1776 walipitisha lile tamko la uhuru, kwamba watu wote wameumbwa sawa, na humohumo mwaka 1787 wakaandika katiba. Katiba ile ya kwanza haina neno "mtumwa" hata mara moja. Inawaita "watu wengine", na katika kuhesabu watu ili kugawa viti vya bunge, watano kati yao wanahesabiwa kama watatu. Mwongoza wageni wetu alikuwa na haraka, hilo hakuligusa.

Ukivuka barabara unakuta kuta fupi za matofali zisizo na paa. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya Rais Washington wakati mji mkuu ulikuwa Philadelphia, na ukutani yamechongwa majina tisa ya watumwa aliokuwa nao. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1780 ilisema mtumwa wa mgeni akikaa zaidi ya miezi sita anaweza kudai uhuru wake. Washington alifanya nini? Kila miezi sita ikikaribia aliwavusha nje ya jimbo, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Jemadari aliyemshinda mfalme wa Uingereza anakaa na kalenda akimhesabia siku mtumishi wa mkewe! Mtumishi huyo, Ona Judge, alitoka kwa mlango Mei 1796 wakati wenyewe wako mezani wanakula. Gazetini likatoka tangazo: atakayemrudisha atapewa dola 10. Hakurudishwa. Alifia New Hampshire mwaka 1848, na kwa sheria alikuwa bado mali ya watu. Hatua chache kutoka hapo wageni wamepanga foleni kuipiga picha ile Kengele ya Uhuru yenye ufa. Na mimi nikapanga. Ilikuwa bure.

Jioni njaa ikanishika. Nilishuka treni kituo cha mtaa wa 60, nikaona duka la kuku wa kukaanga, nikaingia. Hamna kiti wala meza. Kuna kioo kizito cha plastiki kutoka kaunta mpaka dari, kimekwaruzwa hadi kimekuwa na ukungu, na chini yake kijisanduku cha kuzunguka: unaweka hela, kinageuzwa, hela inaenda; kinageuzwa tena, chakula kinakuja. Binti aliyekuwa nyuma yake anaongea kupitia vitobo. Nikasema "chicken" mara tatu, kila mara kwa lafudhi tofauti, hakusikia. Nikainama mdomo ukagusa plastiki. Nikaweka noti ya dola 20, kijisanduku kikageuka, noti ikapotea, na mimi sijui nimenunua nini.

Kwetu Tanga duka la mtaani lina nondo pia, lakini mkono unapita. Mangi mwenye duka unampa mkono, unamkopa sukari, anakuuliza mtoto ameamkaje. Pale hata mkono haupiti.

"Anataka vipapatio!" Sauti ilitoka nyuma yangu. Mzee mweusi, kofia ya timu ya Eagles, fimbo mkononi. "Chumvi, pilipili manga, tomato!" Kijisanduku kikageuka na kuku, chenji kamili. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania.

"Nyerere," akasema, akavua kofia. Kaka yake alikuja Dar es Salaam mwaka 1974, mkutano ule wa Waafrika wa dunia nzima. "Alirudi akituambia huko kila mtu anaitwa ndugu."

Tukala tunatembea. Nilimuuliza kioo kile ni cha wezi? Akanitazama kama mtoto. Ni cha risasi. Mwaka uliotangulia mji huo ulizika watu 562 waliouawa, haijawahi kutokea idadi hiyo. Tukavuka Walnut, Locust, Spruce, Pine, mpaka Osage Avenue. Mei 13, 1985, akaniambia, helikopta ya polisi ilidondosha bomu juu ya paa la nyumba hapa. Walikaa kikundi cha MOVE, watu weusi waliokorofishana na majirani na serikali kwa miaka. Moto ukaachwa uwake. Wakafa 11, watano watoto, nyumba 61 zikateketea. Meya alikuwa mweusi, wa kwanza katika historia ya mji.

Nikauliza nani alifungwa.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Alifungwa mwanamke aliyetoka motoni akiwa hai. Miaka saba.

Usiku ule nilisikia milio minne, nikadhani fataki za harusi. Nikalala macho wazi nikiwaza watu wanaosema Wamarekani waliharibiwa na filamu, ndiyo maana wanapenda bunduki. Ukimshika mtu kwa nguvu huwezi kulala bila silaha. Huko kusini, zaidi ya nusu karne kabla ya tamko lile, raia wenye bunduki walikuwa wakifanya doria usiku kukagua vibanda vya watumwa. Bunduki iliingia nyumbani kabla ya uhuru.

Ndipo likanijia jambo la kwetu, na sikulipenda. Baba alikuwa na kadi ya TANU kwenye fremu sebuleni, na alitukaririsha ahadi: binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Nyuma, stoo, pamoja na magunia ya mchele, alilala dada wa kazi aliyetoka milima ya Lushoto. Alikuwa na miaka kama 12, mimi 8, na ndiye aliyenibebea begi la shule. Asubuhi moja alitumwa maandazi hakurudi. Baba alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kumshtaki kwa wizi. Mama alizihesabu hela za kibubu mara mbili, hakuna iliyopungua. Mashtaka hayakufutwa.

Asubuhi nilimpigia mama simu, dakika za kimataifa zinanyonya hela vibaya. Nikamuuliza yule dada wa Lushoto aliitwa nani.

Akanyamaza kidogo. "Yupi, mwanangu?"