Nilivyokusanya Kumbukumbu za Simu ya Nyumbani Kwetu Pemba

Simu ya kwanza katika kijiji chetu, nje kidogo ya Wete, iliwekwa ukumbini kwa babu, aliyekuwa akisimamia ununuzi wa karafuu. Nilipoazimia kuandika kumbukumbu zake wakati wazee bado wapo, nilikwepa kuwauliza mwaka, kwa sababu wao hupima nyakati kwa misimu ya karafuu na kwa mambo makubwa yaliyowapitia. Niliuliza badala yake kama simu ilikuwapo vijana walipoondoka kwenda vita vya Kagera. Ami alishikilia kwamba ilikuja baada ya vita. Shangazi akakataa katakata. Aliyeamua ni mkoba wa nyaraka za babu, ambamo nilikuta risiti ya Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, ilhali vita vilianza mwaka 1978.

Kila mmoja nilimhoji peke yake kwanza, ndipo nikawakutanisha. Wakiwa pamoja, wanaume husimulia na wanawake huitikia tu. Wakiwa peke yao, wanawake ndio wenye habari, maana wao ndio waliokuwa wakipeleka salamu za msiba na harusi nyumba kwa nyumba baada ya simu kukatwa. Hao ndio walionieleza kwamba mtu wa Unguja akimtaka jirani hakusubiri kwenye waya: alikata, mtoto akatumwa mbio, naye akapiga tena baadaye.

Kilichonisaidia kuliko yote ni chombo chenyewe, kilichokuwa kimehifadhiwa kabatini. Nilikiweka juu ya mkeka mbele ya shangazi, naye bila kuambiwa akazungusha kipini, akakiachia, ndipo akanyanyua mkono wa simu, utaratibu ambao hakuna aliyekuwa ameutaja. Kipini kile huendesha dainamo ndogo, umeme wake ukaangusha kibati cha mteja kwenye ubao wa kituo, na opereta akajua nani anaita. Sauti ya msemaji hupata nguvu mahali pengine, kwenye betri kavu zilizomo ndani ya sanduku.

Hapo likafumbuka jambo lililokuwa likinitatiza. Shangazi alikuwa amenisimulia kwamba kuna nyakati, "sisi twawasikia, wao hawatusikii," na bibi akaamini kuwa watu wa upande wa pili wanajifanya viziwi ili wasitoe fedha za shamba. Nilidhani ni chuku. Lakini betri zikichoka, kengele huendelea kulia na sauti ya mbali huendelea kusikika, kwa kuwa hazitegemei betri za nyumba hiyo; maneno ya mwenye nyumba ndiyo hufifia. Nilipomweleza shangazi, alisema, "Basi tuliwadhulumu wale, mwanangu," ingawa sidhani kama suala la fedha lilimtoka.

Katika maandishi nimeacha masimulizi ya ami na ya shangazi yakae bega kwa bega pale yanapopingana, isipokuwa penye karatasi ya kuthibitisha. Sauti zao nimezirekodi kwa simu ya mkononi na kuwatumia jamaa walioko Oman na Dar es Salaam. Sasa nasubiri majibu ya binamu ambaye utotoni ndiye aliyekuwa akitumwa kuwaita majirani, kwani yeye anakumbuka nyumba zipi zilikuwa zikiitwa mara nyingi.